Kadi Hiyo Usiichome

Kwa Sadala, Hai
Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, tena nikaurudia, maana mara ya kwanza ulikuwa unafoka nikashika nusu tu. Sikutaka kukujibu kwa simu. Mambo ya namna hii nayaandika. Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri pamoja na mkungu wa mshare. Vyote utavipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Usichelewe, ndizi zimeshakomaa sana.

Huku sote wazima. Mgongo wa baba yako haujapona sawasawa, lakini jana alishuka mwenyewe mpaka barabarani kununua gazeti, kwa hiyo ondoa wasiwasi.

Umesema kadi yako ya mpiga kura utaichoma moto. Umesema daftari limejaa marehemu, kura zinahesabiwa kabla hazijapigwa, na anayejiandikisha anakwenda kujaza viti kwenye sherehe ya wenzake. Una miaka 19. Uchaguzi wako wa kwanza umeupitia ukiwa umejifungia chumba cha kupanga Kimara, intaneti imezimwa, nje milio, na amri ya kutotoka usiku imetangazwa. Siku zile tulikuwa tunakupigia, simu haiingii. Mtu aliyetoka kwenye hayo hahubiriwi uzalendo, na mimi sikuhubirii.

Ila umeyakoroga mambo. Umechukua ubovu wa daftari, umechukua kilichotokea Oktoba 29, siku ya uchaguzi, ukavifanya kitu kimoja. Ni vitu viwili, na vinahusiana kwa njia ambayo huenda hujaiona.

Mimi daftari nalijua. Walimu ndio waliokuwa wakiitwa kusimamia vituo, nami kama mwalimu nilisimamia. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura tunalo tangu 2004. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiandikishwa upya kila uchaguzi. Mwaka 2015 zikaja mashine za BVR zinazochukua picha na alama za vidole. Walianzia Makambako mwezi Februari, na mpaka kazi inaisha waliandikishwa watu zaidi ya milioni 23. Uboreshaji wa 2019 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliuzindulia hapahapa Moshi, na wa 2024 akauzindulia Kigoma, Julai 20.

Zamu ya mkoa wetu ilifika Desemba 2024, siku saba tu. Wewe mwaka ule ulikuwa umekuja mapema kuliko kawaida kwa ajili ya kipaimara cha mdogo wako, ukaenda kupanga foleni na wenzako. Nilikuwepo siku ile, nimemsindikiza bibi wa jirani. Alikuwa ametoka kukata ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu wa mgomba, na utomvu unajua hautoki kwa maji. Mashine ikakataa. Kijana mwendesha mashine akampangusa kwa kitambaa chenye maji, ikakataa tena. Akamwambia asugue vidole kwenye kanga, abonyeze taratibu, usikandamize mama, ikakubali kidole kimoja kimoja. Foleni yote ilisimama kumsubiri, na hakuna aliyelalamika. Alipopewa kadi aliiangalia picha yake akasema wamemzeesha. Ndiye mama yule unayetaka kuniambia alikuwa anajaza viti.

Na kabla ya hapo, mwezi wa kumi, palikuwa na daftari jingine kabisa. Hilo lilikuwa la wakazi, la kuandika kwa mkono, chini ya TAMISEMI, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Halina kadi. Watu wengi huku walijiandikisha lile wakadhani wamemaliza, Desemba wakawa wanatuuliza, si tulishaandikwa? Malalamiko uliyoyasikia ya wanafunzi kuandikishwa kabla ya umri na majina ambayo mtaa mzima hauyajui, mengi yalitoka kwenye daftari lile la Oktoba. Si la Tume ya Uchaguzi. Sikutetei mtu, nataka tu ukilalamika ulalamike kwenye mlango wenyewe.

Sasa nikuambie la marehemu. Mwezi Mei mwaka jana orodha ya awali ilibandikwa vituoni ili watu waikague. Nilikwenda. Nilisoma jina baada ya jina, na kweli nilimkuta jirani yetu tuliyemzika 2021. Nani alimwingiza? Hakuna. Alijiandikisha mwenyewe akiwa hai, akafa, na watoto wake wote wako Dar na Mwanza. Hakuna aliyekwenda kwa mwandishi kusema mzee hayupo. Huku kwetu mtu akifariki tunaandika daftari la rambirambi, na mtu akikuta elfu kumi yake imeandikwa elfu tano atarudi msibani usiku huohuo ikasahihishwe. Lile la kura tunapita mbele yake kama tangazo la dawa ya panya.

Niliendelea kusoma. Majina yaliyonisumbua zaidi hayakuwa ya marehemu. Yalikuwa ya walio hai. Wewe umo. Binamu zako wawili wamo, mmoja yuko Kahama na mwingine sijui hata kama bado yuko nchini. Sisi watu wa mlimani tuna tabia hii: ukimuuliza mtu kwao ni wapi anakuambia Masama, anakuambia Machame, hata kama kihamba anakiona Krismasi hadi Krismasi. Kwa mambo ya mila sina tatizo. Kwa kura ni balaa, kwa sababu kadi inakufungia kituo kimoja, na uchaguzi wetu haufanyiki Desemba. Oktoba 29 wewe ulikuwa Kimara na jina lako lilikuwa ukutani huku. Umeniambia hukupiga kura kwa kususa. Mwanangu, hata ungetaka usingeweza.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Tuseme kituo chetu kina majina 400. Tuseme majina 90 kati ya hayo ni ya vijana walioko Dar, Arusha na machimboni, na 15 ni ya marehemu. Jioni msimamizi wa kituo anabandika fomu ya matokeo ya urais, ile tuliyokuwa tukiiita 21A, inasema waliopiga kura ni 380. Kama sisi wa kitongoji tunajua daftari letu jina kwa jina, hatuhitaji mtazamaji kutoka Addis Ababa aje kutuambia kitu. Tunajua palepale kuwa uongo umeandikwa, na tunajua ukubwa wake. Lakini kama daftari lenyewe hatulijui, kama nusu ya majina tunasema labda yupo, labda alikuja, namba yoyote itakayobandikwa itapita. Anayetaka kuandika kura ambazo hazikupigwa hana haja ya kuwafufua marehemu. Anahitaji tu sisi tusijue nani yupo na nani hayupo.

Ndiyo maana nasema unakosea unapodhani kukaa nje ya daftari ni kuwanyima kitu. Ukiichoma kadi, jina lako halichomeki. Litabaki kwenye orodha ya huku mpaka mtu alihamishe, likisubiri mtu wa kulitumia.

Sasa hiyo Oktoba yenyewe. Sitaizunguka. Tume ilitangaza kwamba Rais Samia amepata asilimia 97.66, kura milioni 31.9, na waliojitokeza ni asilimia 87 ya wapiga kura milioni 37.6. Mwaka 2020 daftari lilikuwa na watu milioni 29.7, na waliojitokeza walikuwa kama nusu tu. Mimi nilifundisha hesabu darasa la sita. Kiongozi mkuu wa upinzani alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, chama chake kimeambiwa hakishiriki kwa sababu hakikusaini kanuni za maadili, mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, ameenguliwa, halafu watu wanajitokeza kwa wingi kuliko mwaka wowote wa ushindani? Watazamaji wa SADC walisema sehemu nyingi wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao. Wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukufuata misingi ya Umoja huo. Hao si Wazungu, ni majirani zetu, na huwa hawasemi hivyo ovyo. Idadi ya waliokufa siku zile bado watu wanabishania. Rais ameunda tume ya kuyachunguza hayo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nitasubiri ripoti yake niisome. Sitegemei mengi, lakini nitaisoma.

Kwa hiyo ndiyo, nakubaliana nawe: wa mwaka jana kwangu haukuwa uchaguzi kwa maana niliyowafundisha watoto. Lakini angalia uharibifu ulifanyika wapi. Kwanza ulifanyika kabla ya karatasi ya kura, kwenye kuamua nani awemo. Huku tuliuona mapema: uchaguzi wa vitongoji wa 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu mpaka vyama vikajitoa. Pili unafanyika baada ya kura, kwenye kujumlisha na kutangaza. Wiki ileile Daftari linazinduliwa Kigoma, Julai 2024, waziri wa habari Nape Nnauye aliondolewa kazini; siku chache nyuma alikuwa amewaambia watu wa Bukoba kwamba matokeo yanategemea anayehesabu na anayetangaza, na kwamba njia za kushinda ziko halali, nusu halali na haramu. Akasema baadaye ulikuwa utani. Nami naamini ulikuwa utani, ila utani wa mtu anayeijua nyumba.

Halafu kuna kufuli la mwisho. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuuchunguza uchaguzi huo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko Arusha hapo, ukipanda Hiace ya asubuhi unawahi kabla hawajafungua, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inavunja haki. Ibara bado ipo. Bob Chacha Wangwe naye alifungua kesi kwamba wakurugenzi wa halmashauri, ambao huteuliwa na Rais, wasisimamie uchaguzi. Mahakama Kuu ikakubaliana naye Mei 2019, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo Oktoba, na Mahakama ya Afrika ikampa haki yake 2023. Sheria mpya za 2024 zimeiita Tume huru na kugusa vifungu, lakini wasimamizi bado ni watumishi waandamizi wa umma.

Kenya walilipitia hili. Mwaka 2007 hawakuwa na imani na mahakama, waliingia barabarani, na unajua kilichofuata. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji David Maraga ikaufuta uchaguzi wa Rais, kwa sababu ya namna matokeo yalivyosafirishwa na fomu zilivyojazwa. Mwaka 2022 tume yao ikaweka fomu za kila kituo mtandaoni, mwenye kalamu na subira ajumlishe mwenyewe. Raila, aliyeshindwa urais, alishindwa na kesi safari ile, wafuasi wake walikasirika, lakini kila mtu alikuwa na fomu za kuonyesha. Huku kwetu karatasi ile inabandikwa ukutani pa kituo na anayeipiga picha kabla mvua haijailoa ndiye mwenye ushahidi.

Ninaiona karatasi ile sasa hivi. Mwaka mmoja tulihesabia darasani, shule moja ya msingi huku Masama, taa za chemli mbili juu ya dawati. Tulikata lakiri mbele ya mawakala, tukamwaga kura mezani. Kila karatasi niliinua juu, nikageuka nayo kushoto, nikageuka nayo kulia, nikasema jina, na mawakala wote wanaandika kila mmoja kwenye daftari lake la shule. Kura moja ilikuwa na alama ya vema iliyovuka mstari. Tulibishana juu yake kwa muda mrefu kuliko tulivyobishana juu ya mshindi. Saa tano usiku tulikuwa na hesabu moja, na mawakala wa vyama vyote walisaini. Yule aliyeshindwa kituoni kwetu alinishika mkono. Hayo yalitokea hapa, kwa watu hawahawa, si hadithi ya Ulaya. Unaponiambia haiwezekani Tanzania, unazungumza na mtu aliyeyafanya.

Na huku mlimani kura ni ya zamani kuliko chama chochote ulichozaliwa ukakikuta. Mwaka 1951, wakati wa Mwingereza, Wachagga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu, Thomas Marealle akamshinda Abdiel Shangali, mangi wetu wa Machame. Watu wa huku walinuna lakini walikubali. Haikupita miaka kumi, mwaka 1960, wakaulizwa tena kama wanautaka Umangi Mkuu, wakasema hapana, na Solomon Eliufoo, mtoto wa Machame, akachaguliwa kuwa rais wa Wachagga. Mtu mkubwa kuliko wote mlimani aliondolewa kwa karatasi. Babu yako alikuwa anasimulia jinsi watu walivyoshuka kutoka juu kabisa kwenye baridi kwenda kupiga kura ile. Hata wakati wa chama kimoja, kwa alama za jembe na nyumba, mawaziri waliangushwa. 1965 Paul Bomani aliangushwa kwao Mwanza. Walioanguka walikubali kuanguka kwa sababu kila mtu kijijini alijua wangapi walikwenda na wangapi walibaki shamba.

Nimerefusha. Nikuambie ninachotaka ufanye.

Kadi weka mahali pakavu, pamoja na kitambulisho cha NIDA. Sheria inaitaka Tume iliboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, kwa hiyo kabla ya 2030 watakuja tena. Wakija, usisubiri Krismasi. Nenda kituo cha hukohuko Kimara uhamishe taarifa zako. Usijiandikishe upya kana kwamba huna kadi. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na ndiyo namna vijana wasio na nia mbaya wanavyogeuka wapiga kura hewa. Orodha ikibandikwa, nenda ukaisome. Si jina lako peke yake. Soma na la mwenye nyumba wako, na la yule fundi wa kona aliyehama. Usiyemjua uliza. Sheria inakuruhusu kuweka pingamizi.

Mwaka wa uchaguzi ukifika, sikuombi uandamane na sikukatazi; una akili zako, na mama yako angenichukia kwa lolote kati ya hayo mawili. Nakuomba uwe wakala. Chama chochote unachokipenda, kinachokupenda pia, maana vyama vingi vinalia kuibiwa huku vituo vyao havina wakala hata mmoja wa kukaa mpaka saa sita usiku bila kununuliwa chipsi. Kaa, andika, piga picha fomu, usiondoke kabla hujasaini.

Na la ibara ya 41(7) na la nani anayetangaza, hayo daftari halitayatibu. Hayo ni ya Katiba, na Katiba mpya tuliikwamisha 2014 kwa ubishi wa wakubwa. Mtakaoidai ni nyinyi. Lakini anayeidai akiwa ametoka daftarini ataambiwa, wewe ni nani, mbona humo?

Mimi hapa Pasaka nitakwenda na watoto wa yule jirani wakija, tukamwone mtendaji wa kijiji, wachukue karatasi za kifo cha baba yao ili daftari likifunguliwa jina litoke. Nimeshawapigia simu, wawili wamekubali, wa tatu anasema ana kazi. Na binamu yako wa Kahama mwambie ahamishe jina lake. Na wewe nijibu kama umepokea ndizi.

Shangazi yako